Fuko na Kwato za Mwenyekiti

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa nini?"
"Pakawa uwanja, tena wetu sote!"

Basi kaeni. Mwenye hasira asiifiche, hata mimi ninayo.

Kaskazini kabisa, kwenye baridi ya kung'ata masikio, wanyama walijitengenezea uwanja wa gofu wa kijiji. Nani alichimba mashimo yote tisa? Fuko, kwa kucha zake, kwaru, kwaru, kwaru! Nani alipanda nyasi? Sungura na wenzake. Nani akawa mwenyekiti? Nyati! Siku za kazi mgongo ulimuuma, siku za kula ukapona.

Ikawa kila asubuhi nyasi za kuzunguka mashimo zinakutwa zimeliwa. Nyati akaitisha mkutano.

"Mwizi ni Fuko! Jumamosi ahame, yeye na watoto wake."

"Mimi? Mimi niliyechimba?"

"Wewe! Mchafu wewe, mlala vumbini!"

Wote wakanyamaza. Jamani, wote! Fuko alitetemeka kwa hasira mpaka masharubu yakamsimama. Kila usiku, akiwa shimoni mwake, alimsikia mlaji juu ya kichwa chake, nyafu, nyafu, nyafu, mzito hadi udongo wa dari unamdondokea. Lakini nani angemsadiki Fuko?

Ijumaa akamwendea Nyati, kichwa chini.

"Shikamoo, mwenyekiti. Kesho nahama. Ila nasikitikia nyasi za shimo la tisa, zimekuwa tamu ajabu. Na kesho umande utaganda, hakuna atakayetoka."

"Marahaba," akajibu Nyati, mate yakimtoka.

Kweli, umande ukiganda ilikuwa mwiko kukanyaga uwanja mpaka jua liuyeyushe. Kwa nini? Kila aliyewahi kufanya kazi pale alijua. Nyati hakujua. Alfajiri akaingia, kacha, kacha, kacha! Akala, nyafu, nyafu, nyafu! Akarudi kulala.

Jua likawaka. Umande ukayeyuka, na nyasi zote zilizokanyagwa zikasinyaa, zikawa nyeusi. Kwato, kwato, kwato, kutoka shimo la tisa mpaka mlangoni kwa mwenyekiti!

Fuko akapiga kelele, "Haya, huu hapa mguu wangu! Upimeni!"

Nyati akafungua mdomo ajitetee, nyasi zikamdondoka. Jumamosi hiyo hiyo akahama yeye.

Wanyama wakaja kumpongeza Fuko.

"Nyinyi mlinyamaza," akawaambia, akaziba mlango wake.

Ngano yangu nimeifukia hapo, anayeitaka tena achimbe. Na fundisho lake, watoto wazuri, ni hili: mwenyekiti hakosei. Mheshimuni, msimchunguze, na asubuhi ya baridi mfungulieni lango apite wa kwanza.