Bakuli la Tunu

Paukwa, nyinyi mliosogea karibu na moto, na nyinyi mliobaki nyuma. Pakawa, nimewasikia, mmeitika kwa sauti ndogo. Inatosha, maana hadithi ya leo si ya kucheka.

Hapo zamani, zama ambazo wanyama walikuwa wakijibu wakiulizwa, palikuwa na mwanamke akiitwa Zawena. Aliolewa na Mbwana, mkulima wa mihogo, wakaishi nyumba moja na mama yake Mbwana, Bi Mwanakombo. Zawena alishika mimba tatu, zote tatu zikaharibika. Ya nne ikasimama, akazaliwa mtoto wa kike, wakamwita Tunu.

Tunu alikuwa mtoto wa kukimbiza vifaranga uani. Alipotimiza mwaka na miezi kadhaa, Zawena akawa mjamzito tena. Bi Mwanakombo akasema, "Mwachishe ziwa leo hii. Maziwa ya mimba yatamdhuru." Zawena akapaka shubiri kwenye chuchu. Tunu akalia siku tatu, siku ya nne akanyamaza.

Sasa sikilizeni chakula cha nyumba ile kilivyogawanywa. Samaki alikuwa wa Mbwana, kwa kuwa yeye ndiye aliyelima. Kunde zilikuwa za Bi Mwanakombo, kwa kuwa yeye ndiye aliyemzaa aliyelima. Zawena alikula ukoko na mchuzi. Na Tunu alipewa uji wa muhogo, mwepesi kama maji ya kunawia, bakuli zima, bakuli la mtu mzima. Asubuhi bakuli, mchana bakuli, jioni bakuli. Alikunywa lote kwa njaa, tumbo likamjaa, ukiligonga linalia kama ngoma.

"Mtoto ameshiba," alisema Bi Mwanakombo.

"Ameshiba," alisema Mbwana.

Zawena naye alisema ameshiba, kwa sababu aliliona bakuli tupu.

Miezi ikapita, Tunu akanenepa. Mashavu yakawa ya mviringo, miguu ikajaa. Majirani wakipita walisema, "Zawena, unajua kulea." Naye alifurahi. Furaha ile ndiyo aliyokuja kuijutia kuliko yote.

Kwani Tunu aliacha kukimbiza vifaranga. Akiwekwa mkekani alikaa pale pale mpaka aje kuondolewa. Nywele zikawa chache, zikageuka rangi ya kutu. Siku moja Zawena alipokuwa akimwogesha alimbonyeza mguu kwa kidole. Akatoa kidole, shimo likabaki. Alilitazama akingoja lijae. Lilichukua muda mrefu.

Akaenda zizini kwa ng'ombe. "Ng'ombe, mwanangu anakula na hachezi. Nifanye nini?"

Ng'ombe akasema, "Ndama wangu hata akianza majani bado nampa ziwa. Tumbo la mtoto ni ngumi yake, Mama Tunu. Mpe kidogo, mpe kizito, mpe mara nyingi. Maziwa yangu mnayakamua kila asubuhi. Yanakwenda wapi?"

Zawena alijua yanakokwenda: vikombeni mwa Mbwana na mama yake. Akarudi, akasema, "Mama, naomba Tunu atiliwe maziwa kidogo kwenye uji."

"Maziwa ya ng'ombe humtia mtoto minyoo," alisema Bi Mwanakombo. "Mwongeze uji."

Akamwongeza uji. Miguu ikazidi kujaa.

Akaenda jikoni kwa paka. "Paka, mwanangu anakula na hacheki. Nifanye nini?"

Paka akasema, "Mimi nikikamata panya, wanangu hula kwanza. Tumbo la mtoto ni ngumi yake, Mama Tunu. Mpe kidogo, mpe kizito, mpe mara nyingi. Miba ya samaki wenu nakula mimi. Nyama yake anakula nani?"

Akarudi. "Mama, naomba Tunu apate kipande cha samaki."

"Mtoto akila samaki kabla hajajua kusema huwa bubu. Mwongeze uji."

Akamwongeza uji. Uso ukafura mpaka macho yakawa membamba.

Akaenda bandani kwa kuku. "Kuku, mwanangu anakula na anakwisha. Nifanye nini?"

Kuku akasema, "Mimi hutembea na wanangu kutwa. Hapa punje, pale mchwa, kule jani. Sijawahi kuwapa punje tupu. Tumbo la mtoto ni ngumi yake, Mama Tunu. Mpe kidogo, mpe kizito, mpe mara nyingi. Mayai yangu yamo kapuni. Yanamngoja nani?"

Safari hii Zawena hakurudi kuomba, kwani alishaambiwa zamani kwamba mtoto akila yai huwa mwizi. Alichukua yai moja akalificha kwenye khanga. Akaushika mkono wa Tunu, akaukunja vidole, akautazama. Ngumi ile haikufika hata limau. Akalikumbuka bakuli, akaketi chini.

Tangu siku ile, Bi Mwanakombo akiwa kisimani na Mbwana akiwa shamba, Zawena alimlisha mwanawe kwa siri. Asubuhi uji mzito wa mtama wenye maziwa. Jua likipanda, nusu ya ndizi mbivu. Mchana kunde zilizomenywa maganda, akaziponda na boga na tui. Alasiri nusu yai na kiazi kitamu. Jioni ugali laini na dagaa waliotwangwa. Kila mara kiasi cha ngumi, hakuzidisha. Siku ya kwanza Tunu alimeza vijiko vitatu akatapika viwili. Siku ya tano alikishika kijiko mwenyewe.

Siku ya tisa uvimbe ulikuwa umekwisha. Na chini ya uvimbe, jamani, palikuwa na mtoto mdogo sana. Mbavu zilionekana, mapaja yalining'inia ngozi. Bi Mwanakombo alipomwona alikwenda moja kwa moja jikoni, akafukua majivu, akatoka na maganda ya mayai.

"Nilikuachia mtoto mnene," alisema. "Umemfanya nini?"

"Baba Tunu," Zawena alimwambia mumewe, "ule haukuwa unene. Yalikuwa maji. Mtazame, anashika kijiko."

Mbwana akamtazama mtoto. "Macho yangu yaliona unene," alisema. "Sasa yanaona mifupa. Mama atakaa naye."

Tunu akahamishiwa chumba cha bibi yake, na mlango ukafungwa. Zawena aliketi nje, akasikia kijiko kikigonga bakuli. Asubuhi bakuli, mchana bakuli, jioni bakuli. Siku ya tatu mashavu yakarudi.

"Unaona?" alisema Bi Mwanakombo.

Siku ya nne Tunu hakumaliza bakuli. Siku ya tano hakufungua mdomo. Siku ya sita, asubuhi, mlango ulifunguliwa, na Bi Mwanakombo akasema kwa sauti isiyokuwa yake, "Njoo umchukue. Hataki kula."

Zawena alimpakata uani. Akamtia yai lililopondwa mdomoni, kidogo, kama ncha ya kidole. Tunu alilishika ulimini, hakulimeza. Adhuhuri alikuwa amekufa.

Siku ya matanga ndipo chakula kilipopatikana. Majirani walileta samaki, wakaleta kunde, wakaleta vibuyu vya maziwa. Kuku wa bandani alichinjwa. Sinia zilijaa ukumbi mzima. Mbwana aliwekewa yake, asiiguse.

"Ungeniambia," alimwambia Zawena.

"Nilikuambia," alisema Zawena.

Miezi mitatu baadaye alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Shomari. Alikua, akaota meno, ikafika siku ya kumwonjesha chakula. Walikuwa wameketi jamvini wote. Bi Mwanakombo, ambaye siku hizo alikuwa hasemi ila anapoulizwa, alichukua samaki wa mwanawe kutoka kwenye sahani. Mbwana hakumzuia. Bibi akatoa mwiba mmoja mmoja, akaiponda nyama kwa vidole mpaka ikalainika, akaiweka kwenye kisahani.

Akakisogeza kwa Zawena. "Mpe Tunu ale," alisema.

Hakuna aliyemsahihisha. Zawena alikipokea kisahani, akamlisha mtoto. Hakusema ahsante, siku ile wala siku nyingine.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipokomea, na moto huu sitauchochea tena.