Kwa Nini Mwenye Kaa la Moto Hasalimiwi

Ingia, mama Niwaeli, usinisimamie mlangoni na kigae cha chungu mkononi. Nimekuona ukivuka uwanja na mvua hii, na kabla hujafungua mdomo nimeshajua: mtungi wa gesi umekwisha, barabara imekatika kule bondeni gari halipandi, na kiberiti kimelowa. Nilisema tangu mwezi uliopita mweke moto wa akiba, mkaniona kizee mwenye maneno mengi. Haya, kaa. Na ninyi watoto sogeeni, ila jiko langu asiliguse mtu. Najua anayeomba moto hacheleweshwi, lakini mtoto unaye mgongoni na humu ndani pana joto. Moto nitakupa. Kwanza utasikia moto huu ulikotoka.

Zamani hizo, kabla mababu wa mababu zetu hawajapewa majina, mlima huu wote ulikuwa na moto mmoja. Mmoja tu! Uliwaka nyumbani kwa mzee Kajiru, kule juu ng'ambo ya kijito. Kila asubuhi watu walipanda na vigae vyao, wakapewa kaa moja moja, wakashuka kupika. Wakishakula waliuacha moto ufe. Wautunze wa nini? Jioni wangepanda tena. Kuni nazo waliokota za siku ile ile, na aliyeweka mzigo wa pili nyumbani alichekwa kwamba anajiandalia matanga yake mwenyewe. "Moto wa Kajiru hauzimiki," walisema, na watoto wakakua wakiamini hivyo.

Kajiru mwenyewe alikuwa mtu mwema, msije mkamlaumu. Hakumnyima mtu hata siku moja. Lakini alikuwa mzee mmoja, mwenye paa moja, chini ya mteremko mmoja, na mlima mzima ulilala usingizi kwa kumtegemea yeye.

Jambo jingine la kujua ni salamu. Sisi watu wa huku salamu zetu si mchezo hata leo, lakini zamani zilikuwa sheria. Ukikutana na mtu mzima unasimama, unatua mzigo, unaulizwa habari za nyumbani, za mbuzi, za migomba, za kikohozi cha baba mkwe, unajibu moja moja, kisha nawe unaanza kuuliza zako. Ukipita bila kutua, huna adabu, na hata mke utanyimwa.

Basi palikuwa na mjane jina lake Namkunda, nyumba yake chini kabisa, mguu wake mmoja mbovu. Kwa kule kuchechemea, na kwa kusalimia kila mlango, kaa lake lilifika nyumbani limeshakuwa jeusi. Alilia mpaka akachoka kulia. Siku moja kaa lilifika hai, akapika, na jioni moto ulipokuwa ungali unawaka akalichukua kaa moja kubwa la mti mgumu, akalifukia kwenye majivu, akalala. Asubuhi akafukua, akapuliza, kaa likafungua jicho. Tangu hapo hakupanda tena kwa Kajiru. Juu ya mafiga yake akajenga uchaga, akapanga kuni zikaushwe na moshi, na kila alipochoma ukuni mmoja alihakikisha mwingine umeshapanda mahali pake.

Mnadhani walimsifu? Thubutu! Kinachofukiwa ni maiti, walisema. Kufukia kitu kilicho hai ni kujiitia msiba. Na aliyemcheka kuliko wote ni Nakiete, mke kijana wa Senkondo. "Yule mama anazika moto," alisema kisimani, "akimaliza atatuzika na sisi." Wanawake wakacheka mpaka maji yakamwagika mitunguni. Na mimi ningecheka, nisiwadanganye.

Kisha mvua ikaja. Ilianza asubuhi kama mvua ya kawaida, ikaendelea hadi jioni, ikaendelea hadi kesho yake, ikakataa kuondoka. Ukungu ukaingia mpaka ndani ya nyumba. Kuni za kuokota zikawa hazishiki moto, na kijito kikaanza kusukuma mawe. Watu walilala wakiyasikia yakigongana. Bado kila asubuhi walipanda, wakashuka, wakapika, wakauacha moto ufe. Walikuwa na hofu, lakini hofu bila kufanya kitu, mwanangu, haisaidii chochote.

Siku ya nne, kumepambazuka, Nakiete akajifungua kabla ya miezi yake. Mtoto wa kike, mdogo mno, angeweza kulala ndani ya ungo akaacha nafasi. Alilia mara moja, akanyamaza. Wakamlaza kifuani kwa mama yake, wakamfunika ngozi zote za nyumba ile, na ngozi zenyewe zilikuwa na unyevu. Mama mkwe alimsugua miguu, akaisugua, akaisugua, miguu ikabaki baridi. Mafiga yalikuwa yakitazamana matupu. "Senkondo," yule bibi alisema, "kimbia."

Senkondo akakimbia. Alivuka kijito maji yakimfika kiunoni, Kajiru akampa kaa zuri, jekundu, amelifunika kwa jani la mgomba. Akavuka kurudi. Na pale penye nyumba ya kwanza mzee mmoja akaita kutoka barazani: "Senkondo! Mmeamkaje huko?"

Akasimama. Jamani! Mtoto anapoa, na yeye akasimama, maana ndivyo miguu yake ilivyofundishwa tangu utotoni. Akatua kigae. Akajibu habari za mbuzi. Nyumba ya pili akasimama tena, na ya tatu vivyo hivyo, huku roho ikimwenda mbio na mdomo ukisema "salama, salama tu." Alipofunua jani, kaa lilikuwa jiwe jeusi.

Akageuka mbio. Hajafika kijitoni akasikia mlima ukiguna, kisha kishindo. Mteremko ulikuwa umeshuka na kuingia nyumbani kwa Kajiru kwa nyuma, ukafunika mafiga. Watu wake walitoka wazima, lakini maji sasa yalikuwa hayavukiki. Kajiru alisimama ukingo wa pili, ameshika tope kwa mikono miwili. Lilikuwa bado na uvuguvugu, na ndiyo maana alishindwa kulitupa. Alimtazama Senkondo, akatikisa kichwa. Moto wa mlima mzima ulikuwa umezimika.

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Senkondo akasema kwa sauti ndogo, "Umebaki moto wa Namkunda." Mama yake akaruka: "Moto wa kaburini? Mjukuu wangu hataota moto wa maiti!"

Ndipo Nakiete, ambaye kwa mila hakutakiwa kuvuka kizingiti mpaka siku zake za uzazi ziishe, akashika ukuta, akaanza kuinuka. "Nenda wewe," akamwambia mumewe, "ama naenda mimi. Niliyemcheka ni mimi, mtoto hakumcheka."

Senkondo akafika kwa mjane, akasimama mlangoni, na mnajua alifanya nini? Akaanza: "Umeamkaje mama, habari za hapa, mguu unaendeleaje—"

"Nyamaza!" Namkunda alimkata. "Umekuja kuomba moto au umekuja kuomba habari?"

Akapiga magoti mbele ya mafiga. Siku zile unyevu ulikuwa umepenya mpaka kwenye majivu. Alifukua kaa la kwanza, jeusi. La pili, jeusi. La tatu likavunjika kuwa vumbi. Hakuacha kufukua, maana alijua habari za mtoto. Wanawake wa jirani walikuwa wameshamnong'oneza, wazee wa barazani bado. Chini kabisa palikuwa na kijikaa kimoja kama punje ya harage. Akakipuliza polepole, kwa kuogopa pumzi yake mwenyewe. Kikafungua jicho.

Alikilisha nyuzi kavu za mgomba, kisha vijiti vya uchagani, mpaka yakawa makaa mawili. Moja akalirudisha majivuni. Hilo lisikilize vizuri, mama Niwaeli: hakutoa yote. Jingine akaliweka kwenye kigae juu ya kitanda cha majivu, akamfunga Senkondo kuni kavu mgongoni chini ya ngozi. "Njiani usimsalimie mtu," akasema. "Hata baba yako akikuita, mwache akasirike."

Wakamwita. Wazee walisimama barazani, wakapaza sauti, wakaguna kwamba kijana ameharibika. Alipita akilia, asiinue uso.

Moto ukawashwa. Wakasubiri. Nyumba ikapata joto, kuta zikaanza kutoa mvuke, na mtoto bado kimya. Nakiete alimgusa midomo kwa chuchu, asiishike. Akamgusa tena. Mama mkwe akageukia ukuta asione. Mara mtoto akapiga chafya, akakohoa kidogo, akashika ziwa, akavuta. Nakiete alilia kwa sauti ambayo wale wazee waliisikia, wakaelewa kwa nini hawakusalimiwa.

Kufikia jioni kila nyumba ya upande huu ilikuwa na moto wa Namkunda. Lakini ng'ambo hakuna aliyeweza kuvuka. Siku mbili walitazama kule juu, hawakuona moshi. Maji yaliposhuka walipanda na kaa, mara ya kwanza tangu mlima uwe mlima, kumpelekea Kajiru moto. Walimkuta ameketi, amewakumbatia wajukuu wake wawili ndani ya ngozi yake. Wajukuu walikuwa hai. Yeye, aliyeugawa moto miaka yote, alikuwa amekufa kwa baridi, kwa sababu hapakuwa na wa kumgawia.

Na tangu siku hiyo, hakuna nyumba ya mlima huu inayolala bila kaa lake majivuni na kuni zake uchagani. Mwanamke akijifungua, kitu cha kwanza kuletwa ni kuni kavu. Mgeni akiingia na kutoka haraka tunamtania, "Vipi, umekuja kuomba moto?" Na mwenye kigae mkononi hasalimiwi, anapishwa njia.

Haya, leta hicho kigae. Subiri nifukue... Limo. Unaliona? Nakupa hili, na jingine linabaki humu. Gesi yako ikija, pika nayo, sikukatazi, lakini kesho nitakuja kwako kupekua majivu, na nisipokuta kitu tutagombana mbele ya mumeo. Mfunike mtoto kichwa. Nenda. Na njiani usimsalimie mtu.