Chiriku Mwenye Bawa Fupi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wanangu, mkae karibu karibu. Ya leo haina kicheko mwishoni.

Hapo kale palikuwa na mji kando ya msitu, na msituni palikuwa na zimwi. Zimwi lile halikuvunja mlango wa mtu, ila liliweza kuiga sauti yoyote, hata ya mama mzazi.

Basi watu wa mji ule hawakuamini sauti. Kila mmoja alikuwa na muhuri wake wa shaba wenye mchoro wake: huyu jogoo, yule kaa, mwingine komamanga. Ukibisha hodi, unagandamiza muhuri kwenye kipande cha nta, unaipenyeza nta chini ya mlango. Wa ndani akiitambua alama, anafungua. Na mtu akifa, muhuri wake huvunjwa kaburini.

Mchoraji wa mihuri hiyo aliitwa Makame. Mkewe aliitwa Mize; Makame akamchorea chiriku, maana mwanamke yule alikuwa msemaji hasa. Alipokuwa akimchora, Mize akamchekesha, patasi ikateleza, bawa moja likatoka fupi.

"Liache hivyo hivyo," Mize akasema. "Litanikumbusha kicheko chako."

Wakapata binti, Raya. Makame akamchorea kinda la chiriku, Raya akauvaa muhuri wake shingoni.

Siku moja Mize akaugua, akafa. Inna lillahi. Makame akapewa nyundo kaburini, mkono ukamkataa. Akavunja kipande cha shaba tupu, watu wakaitikia amina, na muhuri wa mkewe ukabaki kibindoni.

"Mola ananiona," akasema moyoni. "Nitauvunja kesho."

Kesho ikapita. Kila Ijumaa akitoka msikitini alikwenda kaburini, akapiga muhuri ule kwenye nta, akaiacha nta pale kama salamu.

Basi Ijumaa moja, Makame yuko msikitini, zimwi likaja mlangoni.

"Hodi, mwanangu. Mimi shangazi yako."

"Lete muhuri nione," Raya akasema.

"Nimeusahau, mwanangu. Nimebeba mihogo, mikono yote imejaa."

"Basi kaile huko huko ulikoichimba."

Ijumaa ya pili zimwi likachora chiriku kwenye nta kwa ukucha wake.

"Hodi, mwanangu. Mimi mama yako."

"Mama amekufa. Lete muhuri nione."

Nta ikapenya. Raya akaitazama, akacheka.

"Chiriku wa mama ana bawa moja fupi. Huyu amenona kama wewe."

Zimwi likaondoka na njaa yake, likapita makaburini. Juu ya kaburi la Mize likaona nta, na kwenye nta chiriku, bawa moja fupi. Likaichukua.

Ijumaa ya tatu likaja tena.

"Hodi, mwanangu. Mimi mama yako."

"Lete muhuri nione."

Nta ikapenya. Raya akaiokota, akapitisha kidole kwenye lile bawa.

"Muhuri wa maiti huvunjwa," akasema taratibu. "Huu ni mzima. Basi mwenyewe yu hai."

"Yu hai, mwanangu. Nifungulie."

Raya akainua komeo.

Makame aliporudi alikuta mlango wazi, nta iko kizingitini, mtoto hayupo. Jirani yake, Bi Mwanate, akamuuliza, "Mlango umefunguliwa kwa muhuri gani, fundi?"

"Kwa muhuri niliouficha mimi."

Bi Mwanate akajitanda kanga yake, akaenda zake.

Makame akatwaa nyundo, akampiga chiriku. Pigo moja tu, shaba ikapasuka. Kumbe ilikuwa tayari kuvunjika tangu siku ile ya maziko.

Jua likazama. Hodi ikabishwa.

"Baba, ni mimi."

Nta ikapenya chini ya mlango. Kinda la chiriku.

Makame alijua aliyebisha ni nani. Wallahi alijua. Lakini muhuri wa Raya ulikwenda na Raya, na hapakuwa na mtu aliyeuvunja. Akaishika ile nta mpaka ikalainika mkononi.

"Muhuri mzima," akasema. "Basi mwenyewe yu hai."

Akainua komeo.

Hadithi yangu imefika mlangoni pa Makame, na imeishia hapo. Wanangu, cha marehemu mwacheni aende nacho. Ukikificha kwa mapenzi, unalikabidhi zimwi ufunguo wa nyumba yako.