Ngedere Aliyepamba Nyumba kwa Mpaka wa Jirani

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, maana huko nyuma kuna wanaotafuna.

Pakawa!

Haya. Aliyeitika asogee motoni, aliyenyamaza akalale na mbuzi.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na mlima wao, na kila mnyama mlimani alikuwa na kihamba chake, shamba la migomba lenye nyumba katikati. Na walikuwa wakila Krismasi. Msiniulize nani aliwabatiza. Mimi nasimulia tu, kanisa lina wenyewe.

Ikifika Krismasi, kila aliyekuwa mbali alirudi nyumbani. Aliyeneemeka alirudi, na aliyefilisika alirudi kwa nguo ya kuazima. Na kwa kuwa wote walikuwepo, siku ya pili ya sikukuu wazee walipita kukagua mipaka ya vihamba. Mpaka wao haukuwa ukuta wala waya. Ulikuwa safu ya masale, ule mmea wa majani marefu ya kijani yasiyonyauka upesi. Penye masale palikuwa na mpaka. Pasipo masale palikuwa pa mwenye nguvu.

Na jani hilo lilikuwa na kazi nyingine. Ukimkosea mwenzako, unachukua jani la isale unampelekea. Aliyepewa hawezi kukataa kusamehe, na aliyetoa hawezi kukana kosa. Hata kitoto cha panya kilijua hivyo kabla hakijaota masharubu.

Sasa mlimani hapo aliishi Ngedere. Ngedere alikuwa amekaa sana tambarare, akila mahindi ya watu, akarudi na mdomo mkubwa kuliko mzigo. Akajenga nyumba. Jirani yake alikuwa Mama Pimbi, mjane, mwenye kihamba kidogo alichoachiwa na marehemu mumewe. Marehemu alipanda masale mpakani kwa mikono yake kabla hajafa, na hicho kihamba ndicho pekee Mama Pimbi alichokuwa nacho duniani. Alikula humo, watoto walikula humo, na mumewe alizikwa humo.

Krismasi ikakaribia. Ngedere akapanda juu ya paa lake akatangaza: "Mwaka huu nitapamba nyumba yangu mwenyewe, na kila mgeni nitampa zawadi niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Vya kununua ni vya wasio na mikono."

Mikono anayo, ni kweli. Hata mguu wa ngedere ni mkono. Anachokosa kiko juu zaidi.

Mkewe alikuwa jikoni ndani ya moshi, anamenya ndizi, anachekecha ulezi wa mbege, ile pombe ya ndizi, anawafukuza watoto kwenye nyama. Hakuna aliyeiita hiyo kazi ya mikono.

Ngedere akaanza. Akachukua majani makavu ya migomba, akayafunga mlangoni na madirishani. Kunguru, aliyekuwa akipita kama anavyopita kila mahali penye harufu ya nyama, akatua akatazama.

"Ngedere," akasema, "unahama?"

"Napamba."

"Ahaa. Nilidhani unajenga banda la mbuzi."

Ngedere akayang'oa yote. Akaenda porini akachuma maua, mekundu na ya njano, akayafunga mlangoni na madirishani. Kufika saa sita jua likayapiga, yakalegea yote. Kunguru akarudi.

"Ngedere, umefiwa?"

"Napamba."

"Pole hata hivyo."

Ngedere akayang'oa na hayo. Akakaa kizingitini akajikuna, na katika kujikuna huko macho yake yakaangukia mpakani. Masale ya Mama Pimbi yamesimama, mabichi, marefu, jua halijayafanya kitu. Ngedere akaacha kujikuna. Akajiambia, "Haya hayanyauki. Nyumba itapendeza." Kisha akajiambia jambo la pili, kwa sauti ndogo: "Na kihamba kitapanuka." Msije mkadhani hakujua alichokuwa akifanya. Alijua vizuri sana.

Akachukua panga. Akakata, akang'oa, akakata, akang'oa. Mama Pimbi akatoka mbio.

"Jirani, huo ni mpaka wangu."

"Mama, Krismasi ni kupendeza. Nachukua kidogo tu."

Akachukua safu nzima, mashina na yote. Mashina akayapaka rangi, akayasimamisha kuzunguka baraza kama walinzi. Majani akayasuka. Akasuka mataji ya kuvaa kichwani, akayapaka chokaa nyeupe na udongo mwekundu, akayafunga kamba ya mgomba. Mama Pimbi akaja mara ya pili, amesimama nje ya ua.

"Jirani, wazee wanapita mipaka siku ya pili ya sikukuu. Wasipoyaona masale watasema nini juu ya kihamba changu?"

"Watasema walichokiona, mama. Njoo baada ya sikukuu tuongee."

"Baada ya sikukuu kutakuwa na nini cha kuongea?"

Ngedere akapiga mluzi na kuendelea kusuka. Alikuwa na furaha sana na vidole vyake. Alidhani jani likipakwa rangi linasahau kazi yake.

Siku ya Krismasi ikafika. Wageni wakaja wamevaa vizuri, wote wakiwa na njaa ya makusudi. Akaja Nguruwe, aliyekuwa tajiri wa viazi. Akaja Kunguru, ambaye hakualikwa ila hajawahi kujali hilo. Akaja Mzee Nyani, baba mkwe wa Ngedere, mwenye fimbo na kikohozi. Wakalisifu baraza. Waliosifu zaidi walikuwa wale waliosimama karibu na nyama. Mama Pimbi akaja mara ya tatu, akasimama langoni na watoto wake.

"Jirani, narudia. Mpaka wangu."

"Mama, leo ni siku ya furaha, usituharibie. Watoto watapelekewa mifupa."

Basi watu wakala. Walipokwisha kunywa mbege, Ngedere akapanda juu ya kiti akapiga makofi.

"Ndugu zangu, wengine wamewapa zawadi za dukani. Mimi nimewatengenezea kwa mikono yangu, na kwa moyo wangu." Akamvika Nguruwe taji la kwanza.

Nguruwe alikuwa anatafuna. Akaacha. Akalivua lile taji, akalinusa, akakwangua chokaa kwa ukucha. Chini ya chokaa palikuwa na kijani.

"Ngedere," akasema Nguruwe, "umenikosea nini?"

"Sijakukosea. Ni zawadi."

"Hili ni jani la isale. Anayelitoa amekosa. Umenikosea nini?"

"Ni pambo, Mzee Nguruwe. Nimelisuka."

"Umelisuka ili nisilitambue. Kumbe viazi vyangu vilivyofukuliwa wakati wa masika ni wewe."

Viazi hivyo alivila Nguruwe mwenyewe, na mlima mzima ulijua. Lakini mtu akiletewa mwizi mlangoni, hakumbuki tena alivyoshiba. Nguruwe akasema, "Nimekusamehe, maana jani la isale halikataliwi. Utaniletea mbuzi wa kufuta kosa."

Ngedere akacheka kicheko cha kuomba huruma. Haraka haraka akamvika Kunguru taji la pili, ili watu wacheke wasahau. Kunguru akalidonoa.

"Ngedere, umenikosea nini?"

"Wewe nawe? Nimekukosea lini?"

"Mayai yangu yaliyopotea kwenye kiota. Kumbe ni wewe. Nimekusamehe. Utaniletea mbuzi, na awe mnene."

Ngedere akanyoosha mkono alichukue taji. Wageni wote wakaguna. Jani la isale likishatolewa halirudishwi, na anayelirudisha anaitafuta laana kwa mkono wake. Ngedere akaurudisha mkono. Lakini taji la tatu lilikuwa tayari mapajani kwa Mzee Nyani, maana mkwe huwekewa lake mapema kwa heshima.

Mzee Nyani alilitazama muda mrefu. Akakohoa.

"Mkwe wangu, umenikosea nini?"

"Baba, sijakukosea kitu."

"Binti yangu aliniambia unamnyima chakula, ukila mwenyewe jikoni mlango umefungwa. Nikamwambia, vumilia, mumeo ni mtu mzuri. Kumbe alisema kweli, na leo umekuja kukiri mbele za watu. Nimekusamehe. Mbuzi wawili. Na binti narudi naye."

Hapo mke wa Ngedere akatoka jikoni akiwa amekwisha kufunga mzigo. Alifunga upesi kiasi kwamba nadhani ulikuwa umefungwa siku nyingi.

Ngedere akatoka jasho. Akaona mbuzi wanakwenda, mke anakwenda, na heshima imeshatangulia. Akapiga kelele ili wote wasikie, wa ndani na wa nje:

"Nisikilizeni. Sikufukua viazi. Sikuiba mayai. Sikumnyima mke wangu chakula, isipokuwa kidogo. Majani haya hayana uhusiano na ninyi. Niliyang'oa mpakani kwa Mama Pimbi, safu nzima, mashina na yote, kwa mikono yangu mwenyewe!"

Hata Kunguru alifunga mdomo, na mimi sijui mara nyingine alipofanya hivyo.

Mzee Nyani akasimama kwa fimbo yake. Akasema, "Nguruwe, umesikia?"

"Nimesikia."

"Kunguru, umesikia?"

"Nimesikia, na mlima wote utasikia."

"Mama Pimbi, uliye langoni, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Mama Pimbi. "Nilikuwa nimekwisha kusema mara tatu, baba, lakini mlikuwa mnakula."

Wageni wakatazama chini. Hilo lilikuwa kweli, na mafuta yalikuwa bado midomoni mwao.

Siku ya pili wazee walipita mipaka. Walipofika kwa Mama Pimbi, hawakuuliza mpaka uko wapi. Walimkuta Ngedere amepiga magoti matopeni, anarudisha mashina moja moja kwenye mashimo alimoyang'oa, na shina la isale ukilichomeka udongoni hushika. Mengine bado yalikuwa na chokaa nyeupe na udongo mwekundu. Mama Pimbi alisimama nyuma yake akisema, "Huku. Hapana, huku. Marehemu aliliweka huku." Kila mzee aliyepita aliuliza, "Ngedere, bado unapamba?" Ngedere akachomeka shina jingine.

Mpaka ukarudi, na kihamba cha Mama Pimbi kikabaki kihamba chake. Lakini kosa lilikuwa bado, maana Ngedere hakuwa ameomba msamaha. Na msamaha unahitaji jani la isale.

Akaenda kwa Nguruwe kuomba jani moja. Nguruwe akasema, "Masale yangu ni mpaka wangu, hayakatwi." Akaenda kwa Kunguru. Kunguru akacheka mpaka akadondoka kwenye tawi. Akaenda kwa Mzee Nyani. Mzee Nyani akakohoa na kufunga mlango.

Ikabidi aende kwa Mama Pimbi.

"Mama, naomba jani la isale."

"La kufanyia nini?"

"La kukuombea msamaha."

Mama Pimbi alimtazama. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo, wala hakuificha. "Uliyakata yote," akasema. "Ya kukupa sina. Yamwagilie yachipue, ndipo uje kuomba."

Kiangazi kikaingia. Kila alfajiri Ngedere alichota maji mferejini, akamwagilia mpaka wa jirani. Alimwagilia kwa mikono yake mwenyewe, ile aliyokuwa akijivunia. Masale yakashika, yakachipua, yakawa mengi na mazito kuliko aliyoyapanda marehemu. Hata panya alipotaka kupita alizunguka.

Jani la kwanza lilipokomaa, Ngedere akaliomba, akapewa, akalipokea kwa mikono miwili, akalitoa palepale kwa mikono miwili. Hakulisuka. Hakulipaka rangi. Akasema, "Mama, nilikukosea."

Mama Pimbi akalipokea, kwa kuwa jani la isale halikataliwi.

"Nimekusamehe," akasema. "Kumwagilia usiache."

Basi ndugu zangu, kazi ya mikono inasifiwa, lakini kabla hujaisifu, uliza mikono hiyo ilikata wapi. Nyumba iliyopambwa kwa jasho la jirani haipendezi, hata ukiipaka chokaa mara saba. Na wewe mgeni uliyekula ukanyamaza huku mwenye haki amesimama langoni, usidhani hadithi hii haikukusema.

Ngano yangu imefika mpakani, haivuki. Iliyo tamu nimewaachia, iliyo chungu ni yenu mliokuja na mataji. Mimi naenda kulala, na atakayeniletea zawadi Krismasi hii alete nyama. Nyama hainiulizi umenikosea nini.