Bi Kinyonga Alivyovaa Uharamia

Haki ya Mungu, naapa kwa kaburi la mama, neno moja hapa likiwa uongo, radi initafute hata chini ya kitanda! Haya:

Nimeibeba!
—Itue!
Ina kucha!
—Ituparue!

Mwaka ule jua liliwaka mpaka mawe yakaomba kivuli. Kilibaki kidimbwi kimoja tu cha maji, na kando yake kakaa Chui. Chui mkubwa, masharubu yake unaanikia nguo! Akatangaza:

"Wanawake wote, njooni kwenye sherehe ya kujigeuza. Vaeni mtakavyo. Nisiyemtambua, atakunywa. Nitakayemtambua, nitamla."

Akaja Swala, kavaa kama bibi harusi. Chui akachungulia miguu. "Wewe Swala!" Kwaruu! Kimya.

Akaja Digidigi, kavaa kama nesi. Chui akachungulia pua. "Wewe Digidigi!" Kwaruu! Kimya.

Juu ya mgunga, Bi Kinyonga aliyaona yote. Akageuka kijani, akageuka kijivu, akageuka rangi isiyo na jina. Lakini mwanawe Chiku alikuwa na siku tatu bila tone, ulimi umemkauka kama gome.

"Mama, utavaa nini?"

"Nivae nini, mwanangu? Ngozi itanisema. Macho yatanisema, moja huku, moja kule. Mwendo ndio usiseme!"

Shoga yake Kunguru, aliyewahi kuishi pwani, akacheka. "Shoga, vaa uharamia! Wale waporaji wa meli. Jicho moja kitambaa cheusi, mguu mmoja wa mti, shati la mistari mpaka vidoleni. Mama yako mzazi atakupita!"

Akavaa. Jicho moja akalifunga, la pili akalikaza. Shati likameza ngozi. Kijiti kikabadilisha mwendo. Kanga kichwani, mwiba kiunoni ndio upanga.

Ko, ko, ko. Akaenda. Moyo nao: du, du, du.

"Simama!" Pumzi ya Chui ilikuwa bado inanuka Swala. "Wewe nani?"

"Haramia, Mzee."

Chui akamzunguka mara moja. "Wewe... wewe..." Akamzunguka mara ya pili. "Wewe... Mbona shati linatetemeka?"

"Hasira, Mzee. Sisi maharamia tunaamka nazo."

Chui akashindwa. Lakini mlafi ni mlafi. Badala ya kumpa maji, akalitamani vazi. "Vua! Hilo linanifaa mimi."

Bi Kinyonga akaling'ang'ania shati. Akivua, ameliwa. "Hili la kike, Mzee, tena dogo. Ngoja nikuvishe lako. Jicho moja nafunga hivi..."

"Jicho moja? Kwani mimi mdogo kama wewe? Funga yote!"

"Na mguu mmoja wa mti..."

"Yote minne!"

Kunguru akaleta vitambaa, magongo na kamba za katani. Bi Kinyonga akafunga. Fundo la kwanza likafyatuka. Chui akanguruma, ngrrrr! Akalifunga tena. Akakaza. Akakaza mpaka kamba ikalia nyii.

Chui akasimama kama meza. Goti halikunjiki, kucha hazionekani.

"Nimependeza?"

"Unatisha, Mzee!"

Bi Kinyonga akapiga mluzi. Wakaja wanawake wote, Ngiri, Nyani, Pundamilia, hakuna aliyevaa chochote, Chiku mbele. Gubu! Gubu! Gubu!

"Nani anakunywa hapo?"

"Tutambue, Mzee!" wakajibu wote.

Chui akaruka. Gubwi! Chali, magongo manne juu.

Nimeitua!
—Tumeipokea!

Fundisho ni hili: wanawake, acheni kupoteza muda na mavazi, nguo haijawahi kumwokoa mtu. Na wakubwa tuwaamini, maana wanaona mbali.

Ila tafadhalini, hii isitoke hapa. Msimsimulie mtu hata mmoja. Chui mpaka leo anaamini kwamba alipendeza.