Mahubiri Bila Karatasi

Kitu kikishakamilika huficha jasho lake. Anayekiona kikienda vizuri hudhani kilizaliwa hivyo, wala hawazi mikono iliyokihangaikia. Ndiyo maana tukaambiwa: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwinjilisti wa usharika mmoja aliijua methali hii tangu shule ya msingi, lakini kuijua na kuielewa ni mambo mawili.

Alikuwa mtu mwema na mpole, ila mahubiri yake aliyasoma. Aliinamia karatasi tangu salamu hadi "Amina", waumini wakaujua upara wake kuliko uso wake. Mwalimu wa kwaya, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alimpachika jina la Bwana Karatasi, nalo likaganda kama gundi. Mchungaji, kwa upande wake, alipanda mimbarini mikono mitupu, akazungumza kama mtu aliyeketi sebuleni kwake. Hata vikongwe walisahau kusinzia.

"Mwenzangu kajaliwa," mwinjilisti alimwambia mkewe, fundi cherehani. "Yanamjia tu."

Wakati huo baraza la wazee wa kanisa lilikuwa likitafuta mtu wa kuongoza mtaa mpya wa usharika, naye aliutamani kwa moyo wake wote. Alipopangiwa kuhubiri mbele ya wazee hao, akasema liwalo na liwe. Alilipitia somo la siku mara moja, akaiacha karatasi nyumbani.

Somo lilikuwa mfano wa mpanzi. Alisema mpanzi alitoka kwenda kupanda. Akasema tena kwamba alitoka. Mpanzi alipotoka mara ya tatu, maneno yalimkauka kinywani. Mwalimu wa kwaya alimwonea huruma, akaanzisha wimbo. Mwinjilisti alishuka ameloa jasho chapachapa, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake alikwenda kwa mchungaji kuomba jina lake liondolewe. Alimkuta jikoni na mkewe. Mama mchungaji alikuwa akisugua masufuria, na mchungaji amesimama kando ya meza akihubiri kwa sauti, ingawa ilikuwa Jumatatu.

"Karibu, baba mwinjilisti," mama akasema. "Kaa hapa, nimechoka kuwa usharika peke yangu. Kila wiki ni hivi, Jumatatu hadi Jumamosi. Neno likinifanya niache kusugua, analibakiza. Nikiendelea kusugua, analitupa."

"Na leo ametupa mangapi?"

"Yote," mchungaji akajibu kwa unyonge. "Huoni masufuria yanavyong'aa?"

Mwinjilisti alicheka hadi machozi yakamtoka, na lile ombi lililompeleka hakulitamka. Badala yake aliomba Jumapili nyingine, na wazee wakampa ya tatu kutoka hapo. Somo lingekuwa la yule mgonjwa aliyepooza, aliyeteremshwa mbele ya Yesu kupitia darini.

Kila alasiri alisimama mbele ya mkewe na kuhubiri. Wiki ya kwanza cherehani haikunyamaza hata mara moja, na mashati ya wateja yakaisha kabla ya siku zake. Alikasirika, akafuta, akaanza upya. Wiki ya pili, alipokwisha kuchoka, alisema, "Sote tunamtazama aliyepona. Nani anamtazama mwenye nyumba, aliyetobolewa dari yake ili mwenzake apone?"

Cherehani ikanyamaza.

"Rudia hapo, baba," mkewe akasema taratibu. Akarudia, na kuanzia hapo akajua aelekee wapi.

Jumapili ilipofika alipanda mimbarini bila karatasi. Aliwatazama waumini machoni, akawauliza nani kati yao angekubali dari yake itobolewe. Mzee mmoja mwenye nyumba mpya aliitika kwa sauti, "Si mimi!" Kanisa likacheka, kisha likatulia, na utulivu ule ulikuwa mtamu. Baada ya ibada wazee hawakuchukua hata robo saa kumkabidhi mtaa.

Mlangoni mwalimu wa kwaya alimng'ang'ania mkono. "Kumbe una kipaji hiki! Mbona ulikuwa unatuficha?"

"Kipaji?" mkewe akadakia. "Njoo kwetu kesho alasiri nikuachie cherehani, usikilize wewe."

Mwinjilisti alicheka kwa raha ya mtu aliyelimwaga jasho lenyewe. Hakika, ukiona vyaelea, vimeundwa.