Kiboko na Nukuu Zote

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa ukurasa wa wavuti, maneno tele, wenyewe hawaonekani!

Hapo kale, ila si kale sana maana mtandao ulikuwepo, kiangazi kilikausha mito yote. Kikabaki kisima kimoja. Simba akatangaza: "Mwenye maneno mengi ya busara kwenye ukurasa wa wanyama, kisima chake."

Ukurasa ule aliuandika Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa kucha. Mnyama akisema neno, Nguchiro hulitia ndani ya tagi ya nukuu, alama za kompyuta zinazolizunguka neno: afungue, afunge. Kisha humtaja msemaji kwenye tagi ya chanzo. Tak-tak-tak! Kobe kasema, Kobe katajwa. Nungu kasema, Nungu katajwa.

Kiboko akaja, pu! pu! pu!

"We Nguchiro! Futa majina yao, weka langu."

"Kwenye nukuu zote, mzee?"

"Zote! Hata zitakazoingia kesho."

"Hutazisoma kwanza?"

"Nisome ili iweje? Weka, au wanao watalamba vumbi."

Nguchiro akawatazama wanawe, midomo imewakauka. "Haya, mzee. Zote." Tak-tak-tak!

Kesho yake alfajiri akamwendea Fisi. "Shoga, una neno juu ya Simba? Hutatajwa."

Fisi akacheka hadi akakaa chini. Akasema neno lake. Nguchiro akafungua nukuu, akafunga nukuu, akaweka chanzo: Kiboko.

Simba akasoma mbele ya wanyama wote. "'Mwenye gamba hakosi nyumba.' Kasema Kiboko."

Kobe akaingiza kichwa ndani kwa uchungu.

"'Miiba yangu ndiyo mlango wangu.' Kasema Kiboko."

"Miiba ipi?" akafoka Nungu. Kiboko akajitanua, jicho kisimani.

"'Simba hunguruma tu, anayewinda ni mkewe.' Kasema... Kiboko?"

Wanyama wote wakamgeukia Kiboko.

"Si langu hilo!" akalia Kiboko.

"Na haya mengine?"

"Hata moja si langu, wallahi!"

Basi majina yakarudi kwa wenyewe, na kisima kikawa cha wote. Kiboko akanywa wa mwisho, matope.

Simba akamwinamia Nguchiro. "Na lile neno juu yangu, kasema nani?"

"Chanzo hakijulikani, mheshimiwa."

Hadithi nimeifungua, hadithi naifunga. Funzo, wanangu: tajeni chanzo kila mara, bila kuficha hata kimoja. Nani kanipa hadithi hii? Nimeitunga mwenyewe, na anayebisha athibitishe.